Kwa nini tunaishi? Jinsi imani mbalimbali zinavyoelewa maana ya maisha

Swali hili kwetu halianzii darasani, linaanzia kilioni. Ni usiku wa pili wa matanga, nyimbo zimepungua, watu wameketi kimya, na mtu mmoja anasema kwa sauti ya chini: «Sasa alizaliwa kwa nini, kama ni kufa hivi?» Linatoka pia kwa kijana aliyemaliza masomo miaka minne iliyopita na bado hajapata kazi, na kwa mama aliyekimbia kijiji chake mara ya tatu, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mchungaji analisikia, shemasi analisikia, na mara nyingi jibu linakuwa fupi: «Ni mapenzi ya Mungu.» Aliyeuliza anarudi nyumbani na swali lake.

Nasi hatuishi peke yetu. Katika parseli moja ya Goma, Bukavu, Kindu, Bunia au Kalemie unaweza kumkuta Mprotestanti, Mkatoliki, Mwislamu, Mkimbangu na mzee ambaye bado anawaita mababu zake kwa majina. Wote wanazika pamoja, na kila mmoja ana jibu lake. Makala hii inayapanga majibu hayo kwa ufupi, ili wakristo wa makanisa yetu wajue jirani anaamini nini kweli, na wajue pia sisi wenyewe tunaamini nini.

Swali moja lenye maswali matatu ndani yake

Tukisema «maana ya maisha» tunauliza mambo matatu kwa mara moja. La kwanza: uhai wangu umetoka kwa nani? La pili: niishije, nifanye nini na siku nilizopewa? La tatu: nikifa, kinabaki nini? Kila imani inajibu yote matatu, lakini kila moja inakaa zaidi kwenye swali lake. Tukiangalia hapo, tutaelewa tofauti zao kwa urahisi.

Imani za mababu: uzima ni kuungana

Kabla ya wamisionari kufika, watu wa mashariki walimjua Muumba. Wanande walimwita Nyamuhanga, Washi walimwita Nyamuzinda. Uhai unatoka kwake, unapita kwa mababu (bankambo, kama wasemavyo ndugu zetu wa Lubumbashi), unafika kwa wazazi, na kwa wazazi unafika kwangu. Mimi ni kiungo katika mnyororo mrefu. Kwa hiyo kuishi vizuri ni kuupokea uzima, kuulinda na kuupitisha mbele. Mtu ni watu. Aliyekatika na watu wake amekwisha hata kama bado anapumua.

Wataalamu kadhaa waliandika juu ya jambo hili. Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi Katanga, alitoa mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Alisema kwamba kwao kuwapo ni kuwa na nguvu ya uzima, na kwamba kila jambo linapimwa kwa kuuliza kama linaongeza nguvu hiyo au linaipunguza. Wengi walimpinga baadaye, hasa kwa sababu aliwaweka Waafrika wote katika kapu moja. Lakini mafundisho yake hayakubaki kitabuni. Kutokana na kazi yake kwa wafanyakazi wa migodi wa Katanga ulizaliwa mwendo wa Jamaa, uliofundishwa kwa Kiswahili kwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo.

Padri Vincent Mulago, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, alichunguza mawazo ya Washi, Wanyarwanda na Warundi. Aliona kwamba moyo wa yote ni muungano wa uzima kati ya walio hai, waliokufa na Mungu. John Mbiti, mchungaji Mwanglikana kutoka Kenya, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1969. Kwa maelezo yake, marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yuko karibu na jamaa yake. Akisahauliwa na wote, anazama katika zamani. Kumbe kusahauliwa ndiyo mauti yenyewe.

Bwami ya Walega: maisha ni kupanda ngazi

Mfano mmoja unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ni wa hapa kwetu. Walega wa Maniema na Kivu ya Kusini walikuwa na chama kiitwacho bwami. Mtu aliingia ngazi ya chini, akapanda polepole mpaka, kwa wachache, ngazi ya juu iitwayo kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, zilizoambatana na zile za waume zao.

Katika kila ngazi mwanafunzi alionyeshwa vitu: sanamu ndogo za mbao au za pembe ya ndovu, magamba, manyoya, mifupa. Kila kitu kilikuwa na methali yake na mchezo wake, na kila methali ilifundisha tabia: kiasi, heshima, amani na jamaa, kuchunga ulimi. Mali ilihitajiwa, lakini mali peke yake haikutosha. Mwenye fujo hakupandishwa. Tena hakuna aliyeweza kupanda kwa nguvu zake tu. Ndugu, wajomba na wakwe walimchangia, na heshima yake ilikuwa yao. Kwa Mlega, basi, maana ya maisha ilikuwa kukomaa: kuwa mtu mwema na mzuri mbele ya wenzake hata uzeeni.

Utawala wa Wabelgiji ulikiogopa chama hicho na kukipiga marufuku, na wamisionari wengi walikiona kuwa upagani mtupu. Leo tunaweza kusema kwa utulivu kwamba si yote yaliyofundishwa pale yalipatana na Injili. Hata hivyo, wazo kwamba mtu anahitaji maisha mazima na jamaa nzima ili afundishwe tabia njema si geni kwa anayesoma barua za Paulo.

Mahali ambapo mnyororo unaumiza

Tusifiche upande mwingine. Kama maana ya maisha ni kuupitisha uzima mbele, mwanamke asiyezaa ataambiwa nini? Katika familia nyingi, hata za kikristo, anaambiwa kwa maneno au kwa macho kwamba hajawa mtu kamili. Anafukuzwa, au mume analeta mwingine. Nabii Isaya, katika sura ya 56, anaelekeza ahadi ya Mungu kwa watu wasioweza kupata watoto: watapewa nafasi na jina katika nyumba yake, jina bora kuliko lile ambalo watoto wangewapa. Neno hilo lisomwe kwa sauti katika makanisa yetu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kama kila kifo ni uzima uliopunguzwa, lazima pawe na aliyeupunguza. Ndipo kilioni swali la «kwa nini» linageuka kuwa «ni nani». Mama mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anaitwa mchawi. Mtoto yatima anasingiziwa kwamba amemla baba yake. Wengine wamepigwa, wengine wamefukuzwa, wengine wameuawa, na mara nyingine mtu aliyejiita nabii ndiye aliyemtaja «mwenye kosa». Wanafunzi walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu (Yohana 9), alikataa kutafuta wa kulaumiwa. Aliwageuza kuangalia kazi ya Mungu, kisha akamponya yule mtu. Kanisa linalomfuata halina ruhusa ya kurudi kwenye swali alilolikataa.

Uislamu: maisha ni amana na mtihani

Uislamu ulifika mashariki ya nchi yetu katika nusu ya pili ya karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani ya bahari ya Hindi. Nyangwe na Kasongo katika Maniema zilikuwa miji yao mikubwa. Historia hiyo ina majeraha ya utumwa yasiyosahaulika. Lakini kwa njia hiyohiyo tulipokea Kiswahili, na maneno tunayoombea kila Jumapili, kama imani, rehema, baraka, dhambi na sala, yana asili ya Kiarabu.

Mwislamu anajibu swali letu waziwazi. Kurani, katika sura ya 51, inafundisha kwamba binadamu aliumbwa ili amwabudu Mungu. Ibada hiyo si sala tano tu. Kufanya biashara kwa haki, kulisha yatima, kutoa zaka, kusema kweli, vyote ni ibada. Sura ya 2 inamwita binadamu khalifa, yaani msimamizi aliyewekwa juu ya dunia, na sura ya 67 inasema kifo na uhai viliumbwa ili ijulikane nani ana matendo mema zaidi. Kwa hiyo maisha ni amana na ni mtihani. Matokeo yatasomwa akhera.

Anayekwenda kumzika jirani Mwislamu atawasikia wakikiri kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarudi. Tutaona hapa chini jinsi maneno hayo yanavyokaribia ungamo moja la Waprotestanti.

Wayahudi: kuchagua uzima

Kwa Wayahudi, maana ya maisha imo katika agano. Mungu aliwaita watu, akawapa Torati, na kuishi ni kuitika. Hawapendi sana kuzungumza juu ya maisha baada ya kifo. Wanauliza zaidi juu ya leo: je, nimetenda haki, nimeitunza Sabato, nimemkaribisha mgeni? Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 30 Musa anawawekea watu uzima na mauti mbele yao, awasihi wachague uzima.

Tena walitupa vitabu viwili ambavyo havikimbii swali. Mhubiri anaangalia kazi, elimu, mali na raha, anaona vyote vinapita kama mvuke. Ayubu anaketi majivuni na kukataa maelezo mepesi ya rafiki zake. Mwishoni Mungu anawakemea rafiki, si Ayubu. Sisi tunaokwenda kufariji matanga tulikumbuke hilo kabla ya kufungua kinywa.

Wakatoliki: kumjua, kumpenda, kumtumikia

Mafundisho ya Kikatoliki yanasema kwamba mtu aliumbwa ili amjue Mungu, ampende, amtumikie, na hatimaye aishi naye milele. Watakatifu wanawekwa mbele ya waamini kama mifano ya maisha yaliyofikia lengo hilo. Wawili wametoka karibu nasi. Masista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, kwa kukataa kumtii ofisa aliyetaka kumnajisi. Alitangazwa mwenye heri mwaka 1985. Floribert Bwana Chui, kijana aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani Goma, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa mwaka 2007. Naye alitangazwa mwenye heri mwaka 2025.

Sisi Waprotestanti hatuwaombi watakatifu. Lakini hatuna sababu ya kutojifunza kwa kijana aliyeona kwamba afya ya watu asiowajua ina thamani kuliko pesa, hata kuliko siku zake mwenyewe.

Wakimbangu: upendo, amri na kazi

Simon Kimbangu, katekista wa Kibaptisti, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba mwaka 1921. Utumishi wake wa hadharani ulidumu miezi michache tu. Alikamatwa mwaka huohuo, akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lililotokana naye linafupisha maisha kwa maneno matatu ya Kilingala: bolingo, mibeko, misala, yaani upendo, amri, kazi. Tuna tofauti nao katika mafundisho, hasa kuhusu nafasi ya Kimbangu mwenyewe. Lakini msisitizo wao juu ya kazi ya mikono kama sehemu ya imani unawafaa watu waliozoea kungoja misaada.

Wahindu na Wabuddha: kufunguliwa

Katika miji kama Lubumbashi wako wafanyabiashara wenye asili ya India, na baadhi yao ni Wahindu. Mapokeo yao yanataja malengo manne ya maisha: wajibu na haki, mali iliyopatikana vizuri, furaha, na juu ya yote kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Wabuddha wanaanza na mateso. Wanasema yanatokana na tamaa ya kushikilia vitu vinavyopita, na kwamba kuna njia yenye sehemu nane ya kuituliza tamaa hiyo. Tofauti na sisi ni kubwa: wao wanatafuta kutoka katika mzunguko, sisi tunangoja ufufuo wa mwili na uumbaji mpya.

Wasioamini Mungu

Vijana wetu wa univasite wanakutana pia na wanaosema hakuna Mungu. Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyezaliwa Algeria, aliandika mwaka 1942 kwamba dunia haijibu kilio cha mtu kinachotafuta maana. Hata hivyo hakufundisha kukata tamaa. Alitaka mtu aishi kwa uaminifu, asijidanganye wala asijiue.

Mwingine tumsikilize kwa makini: Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna. Wakati wa vita kuu ya pili alifungwa katika kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwa mojawapo, akapoteza baba, mama, kaka na mke. Alitoka na fundisho kwamba mtu anaweza kupata maana kwa njia tatu: kazi anayoifanya, mtu anayempenda, na msimamo anaouchukua mbele ya mateso asiyoweza kuyaepuka. Hakusema mateso ni mazuri. Kama yanaweza kuondolewa, yaondolewe. Kwa watu wanaoishi kambini, maneno ya mtu aliyeishi kambini yana uzito.

Waprotestanti: sisi si mali yetu wenyewe

Na sisi je? Katekisimu mbili za Matengenezo zinajibu kwa njia mbili. Ile ya Westminster, ya mwaka 1647, inaanza kwa kusema kwamba lengo kuu la mtu ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Ile ya Heidelberg, ya mwaka 1563, inaanza na faraja: katika uzima na katika mauti mimi si wangu, ni wa Yesu Kristo. Msingi wake ni Warumi 14:8. Ya kwanza inatuambia tunaenda wapi. Ya pili inatuambia tuko mikononi mwa nani. Kilioni, ya pili ndiyo inayotangulia.

Luther aliongeza kwamba wito wa Mungu hauko altareni tu. Fundi cherehani, mkulima wa mihogo, mwalimu asiyelipwa kwa wakati, wote wanamtumikia Mungu wakimtumikia jirani. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika ya Mashariki ulikumbusha kwamba maisha mapya yanaonekana katika kuungama, kurudisha kilichoibwa na kutembea nuruni pamoja na ndugu. Na katika siku zetu, Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, na kwa kuwatibu wanawake waliojeruhiwa na vita alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018.

Lakini kuna jibu lingine linalohubiriwa kwa jina letu: kwamba maana ya maisha ni kufanikiwa, na kwamba asiyepata gari, viza au ndoa hana imani. Yesu alionya katika Luka 12 kwamba uzima wa mtu hautokani na wingi wa vitu alivyo navyo. Mahubiri ya mafanikio yanamwacha yule mama wa godoro bila neno lolote, ila lawama.

Tunakutana wapi, tunaachana wapi

Karibu wote tunakubaliana kwamba uhai ni zawadi, kwamba mtu hajitoshi, na kwamba mali haitoshi kuwa lengo. Hiyo ni ardhi ya kutosha ya kulinda pamoja mtoto anayesingiziwa uchawi, kukataa kuwapeleka vijana kwenye vikundi vya silaha, na kuzikana kwa heshima.

Tunaachana tunapofika kwa Yesu. Padri Bénézet Bujo, mwana wa Ituri aliyefundisha Fribourg, Uswisi, alieleza kwamba Kristo anaweza kuitwa Babu wa kwanza, chemchemi ambamo uzima ambao mababu waliutamani unapatikana kwa utimilifu. Si kila Mprotestanti atapenda jina hilo. Lakini linatusaidia kusema Injili kwa lugha ya nyumbani: mnyororo wa uzima haukatiki kwa kutozaa, wala kwa kufa kijana, wala kwa kukosa wa kukukumbuka, kwa sababu aliyefufuka ndiye anayeushika. Anayetukumbuka si mjukuu anayeweza kusahau. Ndiyo maana Paulo, akimaliza sura ndefu juu ya ufufuo (1 Wakorintho 15), hamalizi na mbingu, anamalizia na kazi: taabu yenu katika Bwana si bure.

Kwa mazungumzo katika vikundi vya nyumbani

1. Katika familia yako, mtu asiye na mtoto anaitwaje? Isaya 56 inatuomba tubadilishe nini?
2. Mara ya mwisho ulipokwenda kufariji matanga, ulisema nini? Rafiki za Ayubu wangesema vilevile?
3. Jirani wa imani nyingine akikuuliza unaishi kwa ajili ya nini, utamjibu kwa maneno gani, na ataona nini katika kazi yako ya Jumatatu?
4. Yuko nani katika mtaa wenu anayesingiziwa uchawi? Kanisa litasimama naye namna gani?

Bwana awape neema wote wanaoketi na wanaolia, wasiharakishe kujibu, wala wasiondoke mapema.